Swali Linalomfuata Mgonjwa Nyumbani: Kutoka Bahasha ya Posta hadi Simu ya Mkononi



Katika somo letu la kwanza la Kiswahili nilikufundisha maamkizi. Nilikuambia kwamba anayeulizwa "Hujambo?" hujibu "Sijambo", na anayeulizwa "Habari za nyumbani?" hujibu "Nzuri", hata kama nyumbani paa linavuja. Ndiyo adabu yetu. Leo nataka kukusimulia historia ya watu walioichukua salamu kama hiyo, wakaituma kwa mgonjwa aliyekwisha kutoka hospitalini, na wakataka kujibiwa ukweli.

Mada yetu ni namna vyombo vya mawasiliano, kuanzia kadi ya karatasi hadi simu, vilivyotumika kumfuata mgonjwa nyumbani, hasa yule aliyefanyiwa upasuaji wa saratani. Safari itaanzia Boston, itafika hapa kwetu Kampala, itapita Nairobi, Houston, Kirehe na Dar es Salaam, kisha itarudi kwenye simu iliyomo mfukoni mwako. Soma polepole. Maneno magumu nimeyaeleza mwishoni.

Siku ya kurudi nyumbani

Tunapozungumza juu ya upasuaji, fikira zetu huishia katika chumba chenye taa kali na madaktari waliofunika nyuso. Tukisikia kwamba uvimbe umetolewa, tunamshukuru Mungu na kuona kazi imekwisha. Mgonjwa anajua kwamba ipo siku nyingine, nayo ni siku ya kurudi nyumbani. Siku hiyo hakuna muuguzi wa zamu. Kuna mshono unaovuta, kuna mrija wa kutolea maji ya kidonda, na kuna maswali yanayokuja usiku: Je, maji haya kuwa mekundu kidogo ni kawaida? Joto hili ni homa au ni blanketi? Mkono huu usioinuka utainuka lini?

Ssenga wangu aliyajua maswali hayo. Kwetu Buganda dada yake baba huitwa ssenga, nami siwezi kumwita kwa jina jingine. Mwaka 2019 aliondolewa titi kwa sababu ya saratani. Aliporuhusiwa kurudi kijijini alipewa karatasi yenye tarehe ya kliniki, na chini yake namba ya simu. Siku ya nne mshono uliwaka moto. Niliipiga namba ile asubuhi, mchana na jioni. Iliita, haikupokelewa. Hospitali siitaji, kwa maana karatasi za namna ile zimetolewa kwingi.

Jirani yetu, mama mmoja wa timu ya afya ya kijiji, alishauri tupige picha ya kidonda na kuituma kwa muuguzi aliyemfahamu katika kituo cha afya. Ssenga alikataa. "Mwana wa kaka yangu," aliniambia, "kifua hiki si cha kupelekwa sokoni." Jirani alikaa naye kitandani, akazungumza naye kwa sauti ya chini, mwishowe akakubaliwa. Yeye ndiye aliyeipiga picha kwa simu yangu, nami nikageukia ukuta. Jibu la muuguzi lilikuwa fupi: "Mleteni leo. Msingoje kesho." Kidonda kilikuwa kimeanza kutunga usaha. Kilisafishwa, akapewa dawa, na baada ya wiki kadhaa kilifunga.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: namba ile iliandikwa na nani, na kwa nini upande wa pili hapakuwa na mtu? Swali hilo ndilo lililonipeleka kwenye historia.

Kadi za Boston

Mwanzoni mwa karne ya 20, katika mji wa Boston nchini Marekani, aliishi daktari mpasuaji aitwaye Ernest Codman. Alifanya kazi katika Massachusetts General Hospital, na alikuwa na swali lililowaudhi wenzake: mgonjwa uliyempasua mwaka jana, hali yake leo ikoje?

Kwa kila mgonjwa Codman aliweka kadi ndogo. Aliandika ugonjwa, tiba aliyoitoa na hali ya mgonjwa alipoondoka. Baada ya mwaka mmoja au zaidi alimtafuta mgonjwa yule na kuandika mwisho wa habari. Kama mwisho ulikuwa mbaya aliandika sababu, hata pale sababu ilipokuwa yeye mwenyewe. Mwaka 1911 alifungua hospitali yake ndogo ili aitumie njia hiyo bila kizuizi. Kufikia mwaka 1916 wagonjwa 337 walikuwa wameruhusiwa kutoka humo, naye akachapisha hadharani makosa 123 yaliyotokea katika kuwatibu. Mwaka 1920 alianzisha daftari la kuwaandikisha wagonjwa wa saratani ya mifupa kutoka sehemu mbalimbali za Marekani, ili madaktari wajifunze kwa pamoja nani alipona, nani hakupona, na kwa nini.

Wenzake wengi hawakumpenda. Daktari aliyezoea kusifiwa kwa ustadi wa kisu hafurahi kuulizwa habari za mwaka wa pili. Hata hivyo Codman alituachia wazo ambalo ndilo msingi wa somo letu: kazi ya mpasuaji haiishi mlangoni mwa hospitali, na asiyeuliza hawezi kujua. Wahenga wetu walikwisha kusema kwamba kuuliza si ujinga. Codman aliongeza kwamba kutouliza ni uzembe.

Bahasha na gari la Kampala

Sasa tuje kwetu. Mwaka 1946 daktari mpasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, aliwasili Uganda na kupangiwa kazi Lira. Baadaye alihamia Mulago, Kampala. Mwaka 1957 mwenzake, Hugh Trowell, alimwita amwangalie mtoto mwenye uvimbe katika mataya yote mawili. Burkitt aliona mtoto mwingine wa aina hiyo, kisha mwingine. Mwaka 1958 aliandika makala juu ya saratani hiyo, ambayo leo dunia nzima inaiita kwa jina lake.

Lakini alitaka kujua inapatikana wapi na inaishia wapi. Alichapisha vikaratasi vyenye picha na maswali, akavituma kwa posta kwa madaktari wa serikali na wa misheni katika sehemu nyingi za Afrika. Majibu yaliporudi aliyaonyesha kwenye ramani. Oktoba 1961, yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliondoka Kampala kwa gari kuukuu aina ya Ford lililonunuliwa kwa pauni 250. Kwa wiki 10 walisafiri karibu kilomita 16,000 na kutembelea hospitali 57 hadi kusini mwa bara. Bahasha, ramani na gari ndivyo vilivyokuwa mtandao wao.

Burkitt, ingawa mkono wake ulikuwa umezoea kisu, alitambua kwamba kwa ugonjwa huu kisu hakifai kitu. Dawa za tibakemikali zilipojaribiwa, uvimbe ulinywea upesi kwa baadhi ya watoto. Ndipo likazuka tatizo jipya: mzazi aliyeuona uso wa mwanawe umerudi kama zamani alimchukua akaenda naye kijijini. Je, alipona kabisa? Je, ugonjwa ulirudi? Mulago haikuwa na njia ya kujua ila kumfuata.

Mwaka 1967 kilifunguliwa hapo Mulago kituo cha kutibu saratani hiyo, ambacho ndicho asili ya Taasisi ya Saratani ya Uganda. Mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Mmarekani, John Ziegler. Wafanyakazi wa kituo walifunga safari kwa gari hadi vijijini kuwatafuta wagonjwa waliotibiwa, wakiuliza njia sokoni na kanisani, mpaka wafike kwenye mji wenyewe. Wakati wa utawala wa Idi Amin wageni wengi waliondoka nchini, na Mganda, Charles Olweny, akakabidhiwa kituo. Miaka ile petroli iliadimika na barabara zilikuwa za hatari. Gari lisipotoka, mgonjwa hakuulizwa.

Zingatia jambo hili, msomaji wangu. Watu wengi hudhani kwamba kumfuatilia mgonjwa ni jambo lililoletwa na simu za kisasa. Hapa Kampala tulilifanya kwa bahasha na kwa gari kabla wazazi wako hawajazaliwa. Kilichokosekana mara nyingi kilikuwa nauli.

Muuguzi anayebisha hodi

Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda. Wagonjwa wengi wa saratani walikuwa wakifika hospitalini wakiwa wamechelewa, kisha wakirudishwa nyumbani kufa kwa maumivu. Shirika hilo lilitengeneza mofini ya maji, dawa ya bei nafuu ya kutuliza maumivu makali, na wauguzi wakaipeleka nyumba kwa nyumba. Mwaka 2004 Uganda iliwaruhusu wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu kuandika mofini. Hadi wakati huo ruhusa hiyo ilikuwa ya madaktari, nao walikuwa wachache mno.

Sheria hiyo ina maana kubwa kwa historia yetu. Anayebisha hodi na kuuliza "Unaumwa wapi?" ni lazima awe na uwezo wa kutenda jambo baada ya kusikia jibu. La sivyo, swali lake ni mateso ya pili.

"Mambo?" "Shida."

Kisha simu za mkononi zikaingia. Kenya ilianza kutuma pesa kwa M-Pesa mwaka 2007, na Uganda ikapata huduma ya namna hiyo mwaka 2009. Mtu ambaye hakuwa na umeme wala maji ya bomba sasa alikuwa na simu ya kitochi.

Kati ya mwaka 2007 na 2009 watafiti nchini Kenya walifanya jaribio kwa wagonjwa 538 walioanza kutumia dawa za kupunguza makali ya VVU. Nusu yao hivi walihudumiwa kama kawaida. Wengine, kila wiki, walipokea ujumbe mfupi kutoka kliniki wenye neno moja: "Mambo?" Walitakiwa kujibu ndani ya saa 48, "Sawa" au "Shida". Aliyejibu "Shida" alipigiwa simu na mhudumu. Na aliyenyamaza naye alipigiwa.

Tafadhali irudie sentensi hiyo ya mwisho. Katika mpango ule, kimya kilihesabiwa kuwa ni jibu. Mtu aliyenyamaza huenda hana salio, huenda simu yake iko kwa mumewe, huenda hawezi hata kuinua mkono. Waliobuni mpango waliliona hilo mapema.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2010 katika jarida la Lancet. Waliokunywa dawa zao kwa ukamilifu walikuwa asilimia 62 kati ya walioulizwa "Mambo?", na asilimia 50 kati ya wasioulizwa. Waliofaulu kudhibiti virusi walikuwa asilimia 57 kwa 48. VVU si saratani, na kumeza kidonge si kuuguza mshono. Lakini mpango ule wa simu kwa wagonjwa ulisimama juu ya neno lile moja la Kiswahili.

Kama mwalimu wa lugha siwezi kupita hapa bila kukuonyesha kitu. "Mambo" ni wingi wa "jambo". "Hujambo?" asili yake ni "Je, huna jambo?", yaani hakuna lililokupata? Na "Sijambo" ni "Sina jambo". Kwa hiyo salamu yetu ya kale ilikuwa swali la kweli juu ya shida. Mazoea ndiyo yaliyoigeuza kuwa kibwagizo. Mgonjwa mwenye homa huwaitikia wageni "Sijambo" kwa sababu ya adabu, kisha usiku analia peke yake. Watafiti wale walilirudishia neno maana yake ya kwanza.

Jaribio la Houston

Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika Houston, Marekani, katika hospitali ya saratani ya MD Anderson. Charles Cleeland na wenzake waliwachukua wagonjwa wapatao 100 waliopasuliwa kifua kwa sababu ya saratani ya mapafu au saratani iliyosambaa hadi mapafuni. Walipokwisha kurudi nyumbani, mashine iliwapigia simu mara mbili kwa wiki kwa muda wa wiki nne. Iliwauliza juu ya maumivu, usingizi, dhiki ya moyo, kukatika pumzi na kufunga choo, nao wakajibu kwa kubonyeza namba.

Sasa sikiliza ujanja wa jaribio lenyewe. Wagonjwa wote walipigiwa simu ile ile na kuulizwa maswali yale yale. Tofauti ilikuwa moja tu. Kwa kundi la kwanza, dalili ilipopita kiwango kilichowekwa, wahudumu wao walipelekewa taarifa ili wachukue hatua. Kwa kundi la pili majibu yalihifadhiwa, wala hakuna aliyeshtuliwa. Kundi la kwanza ndilo lililopata nafuu zaidi, na dalili zao kali zilipungua upesi zaidi.

Nimesoma habari nyingi juu ya vyombo vya kidijitali na afya, lakini sijaona inayosema wazi kuliko hiyo. Chombo kilikuwa kimoja kwa makundi yote mawili. Kilichotofautiana ni kuwapo kwa mtu upande wa pili. Karatasi ya ssenga wangu ilikuwa na namba, na namba ile iliita. Kwa kipimo cha mashine mawasiliano yalikuwapo. Kwa kipimo cha mgonjwa hayakuwapo.

Picha za kidonda

Simu janja zilipoenea, swali liliongezewa jicho. Toronto nchini Kanada, katika Women's College Hospital, wanawake 65 waliofanyiwa upasuaji wa kutengenezewa titi waliingizwa katika jaribio lililochapishwa mwaka 2017. Baadhi yao walitumia programu ya simu kutuma picha za kidonda na kueleza hali zao, na daktari wao akazitazama. Wanawake hao walikwenda kliniki mara chache kuliko wenzao katika mwezi wa kwanza, wala hawakupata madhara zaidi.

Kwa jirani zetu wa Rwanda, wilaya ya Kirehe iko mashariki, mpakani na Tanzania. Huko watafiti walishirikiana na wahudumu wa afya ya jamii kuwafuatilia wanawake waliojifungua kwa upasuaji. Karibu siku ya kumi baada ya upasuaji kidonda kilikaguliwa na kupigwa picha, na picha hizo zikatumika kuifundisha kompyuta kukitambua kidonda kilichoingiwa na vijidudu. Upasuaji ule si wa saratani, lakini mshono ni mshono, na usaha haujui jina la ugonjwa ulioleta kisu. Jambo moja la kujifunza hapo ni hili: vitabu vingi vya udaktari hueleza kwamba kidonda kibaya huwa chekundu, nao hutumia picha za ngozi nyeupe. Katika ngozi yetu wekundu huo mara nyingi hauonekani. Kompyuta iliyofundishwa kwa picha za wengine inaweza kukuambia "Sawa" wakati ambapo una shida. Ndiyo maana ni muhimu picha zipigwe Kirehe, na zisomwe na watu wanaomjua mama wa Kirehe.

Dar es Salaam nako, Taasisi ya Saratani ya Ocean Road ilijaribu mfumo wa simu kwa wagonjwa 49 wanaohitaji tiba shufaa. Waliulizwa juu ya maumivu na mahitaji yao mara mbili kwa wiki kwa Kiswahili, na majibu yakawafikia wataalamu wa taasisi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Jengo la kwanza la hospitali hiyo lilijengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, kwa ajili ya Wazungu waliotaka upepo wa bahari. Leo mgonjwa aliye mbali na bahari anaweza kuulizwa kutoka hapo, kwa lugha anayoiota usiku, "Jana ulilala?"

Gharama, siri na wajibu

Hii ni blogu ya elimu ya uraia, kwa hiyo siwezi kuishia kwenye sifa za simu.

Kwanza ni gharama. Julai 2018 Uganda ilianza kutoza kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii, na WhatsApp ilikuwa mojawapo. Picha ya kidonda cha ssenga wangu ilipita katika njia hiyo, na kabla ya kuituma nililipa shilingi zangu 200. Julai 2021 kodi hiyo iliondolewa na badala yake ikaja kodi ya asilimia 12 juu ya data. Sheria iliiacha nje data ya kutolea huduma za afya na elimu. Watunga sheria, basi, walitambua kwamba data yaweza kuwa dawa. Ninakuachia swali: mwanamke anayenunua kifurushi cha kawaida kwenye kibanda cha kijijini ili atume picha ya mshono wake, kifurushi hicho kitamtambuaje kuwa ni mgonjwa?

Vilevile, Januari 2021, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Watu walizungumza sana juu ya siasa na biashara. Mimi niliwaza juu ya siku ya nne ya mtu fulani ambaye simjui.

Pili ni siri. Uganda na Kenya zilitunga sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022. Kwa jumla sheria hizo zinataka mtu aridhie taarifa zake zichukuliwe, aelezwe zitatumikaje, na zilindwe. Ssenga wangu hakuwahi kuzisoma, lakini aliposema kifua chake si cha kupelekwa sokoni alikuwa amezifupisha vizuri kuliko wakili. Picha ile niliifuta mbele ya macho yake. Ukipewa simu ya mgonjwa, au ukimpigia picha kwa simu yako, kumbuka kwamba umeshika mwili wake.

Tatu ni wajibu wa kujibu. Wizara inapozindua namba mpya, au hospitali inapotangaza programu mpya, raia huuliza: Ni bure? Inafanya kazi kwenye kitochi? Hayo ni maswali mazuri. Liongeze la tatu, ambalo ndilo muhimu kuliko yote: Nani anapokea, saa ngapi, na akipokea ana uwezo gani wa kunisaidia? Namba isiyo na muuguzi aliyelipwa kukaa karibu nayo ni pambo la karatasi.

Kwa nini nimekuandikia wewe

Taasisi ya Saratani ya Uganda hupokea wagonjwa kutoka nchi jirani, na wengi wa wanaotoka mashariki ya Kongo huzungumza Kiswahili. Mwaka 2022 serikali yetu iliamua kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni. Wapo wanaouliza kitawasaidia nini. Jibu langu ni kwamba huenda miaka kumi ijayo wewe ndiye utakayekuwa muuguzi wa zamu Mulago, na upande wa pili wa simu yuko mama aliyeko Bunia, mwenye mshono wa siku nne. Atakuitikia "Sijambo" kwa sababu ya adabu. Wahenga husema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mara nyingi mgonjwa hafichi. Amekosa tu mtu wa kumwuliza mara ya pili. Ujue Kiswahili cha kutosha kumwuliza mara ya pili.

Ssenga wangu yu hai, analima maharagwe, na mkono wake bado huvimba akibeba ndoo. Karatasi ile bado anaitunza ndani ya Biblia. Mwaka jana, kwa udadisi, niliipiga tena namba yake. Iliita mara tano, kisha sauti ya msichana ikasema, "Haloo, nikusaidie?" Nilibabaika, nikashukuru, nikakata simu. Sijui ni kwa muda gani namba ile inapokelewa. Ila najua kwamba siku ile kulikuwa na mtu.

Msamiati

*Mrija*: bomba jembamba linalopitisha maji.
*Usaha*: maji mazito yanayotoka katika kidonda kilichoingiwa na vijidudu.
*Tibakemikali*: tiba ya saratani kwa kutumia dawa zenye nguvu.
*Tiba shufaa*: huduma ya kumpunguzia maumivu na dhiki mgonjwa mwenye maradhi makubwa.
*Kunywea*: kupungua ukubwa, kusinyaa.
*Kibwagizo*: maneno yanayorudiwarudiwa, kama kiitikio cha wimbo.
*Kuumbua*: kutoa siri ya mtu na kumwaibisha.
*Kuridhia*: kukubali kwa hiari.

Maswali ya kutafakari

1. Kwa nini Codman hakupendwa na wenzake? Je, wewe ungependa kutibiwa na daktari wa namna gani?
2. Eleza tofauti kati ya makundi mawili ya jaribio la Houston. Tofauti hiyo inatufundisha nini?
3. "Kimya kilihesabiwa kuwa ni jibu." Toa sababu tatu zinazoweza kumfanya mgonjwa asijibu ujumbe.
4. Andika barua rasmi kwa mganga mkuu wa wilaya yako ukimwomba namba ya simu kwa wagonjwa waliotoka upasuaji. Taja nani ataipokea na saa ngapi.
5. Waulize nyumbani: je, yupo aliyewahi kupasuliwa? Mwulize siku yake ya nne ilikuwaje. Sikiliza mpaka amalize.